Samaki wa Makopo ya Plastiki Awe na Mlango Mkiani

Swali: Shikamoo mwalimu. Sisi ni kikundi cha vijana 14 hapa Igombe, Mwanza. Kila Jumamosi tunasafisha mwalo, yaani ufukwe wa kutia mitumbwi, na stoo yetu imeshajaa makopo ya plastiki. Tumeona picha za wanyama wakubwa wa plastiki waliosimamishwa kwenye miji ya Ulaya, na sisi tunataka kutengeneza twiga wa mita 6 tumweke ufukweni. Wenzangu wengine wanataka tuyeyushe plastiki tufinyange, wengine wanataka tufunge chupa kwa waya. Mzee mmoja wa BMU (kikundi cha usimamizi wa mwalo) ametucheka, anasema tunatoa takataka majini na kuzipandisha nchi kavu, basi. Je, twiga huyo atadumu? Na mzee ana haki? — Katibu wa kikundi, Igombe

Jibu: Marahaba, mwanangu, na hongereni kwa kuamka Jumamosi wakati wenzenu wamelala.

Nianze na mzee, maana yeye ndiye aliyeuliza swali gumu. Ana haki nusu, na nusu hiyo msiipuuze. Nendeni dukani muazime mzani, mpime chupa tupu ya maji ya nusu lita. Mtakuta gramu 15 hivi, nyingine hata hazifiki. Sasa chukueni mfano wa sanamu ya samaki yenye urefu wa mita 3, kimo cha mita 1 na unene wa sentimita 60. Tumboni anapokea chupa kama 900 zikimwagwa tu bila kubanwa. Zidisheni: kilo 13 na nusu. Chuma cha kumshikilia samaki huyo, hata mkibana vipi, hakitapungua nondo tano za milimita 12, na nondo moja ya mita 12 ina kilo 10 na ushee. Kwa hiyo mnyama mzima ana chuma zaidi ya kilo 50 na plastiki kilo 13 na nusu. Watu watapiga picha, watasema vijana wamesafisha ziwa, na mzee atakuwa amesimama pembeni na hesabu yake kichwani.

Hata kazi kubwa za ughaibuni zina hesabu hiyohiyo. Mwaka 2018 mji wa Bruges, Ubelgiji, ulisimamisha nyangumi akiruka kutoka kwenye mfereji wa katikati ya mji, kimo chake zaidi ya mita 11. Waliomtengeneza ni StudioKCA wa New York, na ngozi yake ilikuwa takriban tani 5 za plastiki iliyookotwa Bahari ya Pasifiki: ndoo, vipande vya viti, makasha. Tani 5 ni nyingi kwa macho, lakini kwa bahari ni tone. Wale mafundi walijua hivyo. Nyangumi yule hakuletwa kufagia bahari, aliletwa kuwasimamisha watu njiani.

Ninyi mna nafasi ya kufanya makubwa zaidi, kwa sababu mnasimama pale pale takataka inapoingilia. Ndiyo maana nawashauri mnyama anayekula na kutapika. Tumbo liwe wazi, la wavu wa chuma, watu watumbukize makopo mdomoni, na kila wiki mfungue mlango nyuma, mtoe, mpime, muuze. Kilo 13 na nusu mara wiki 52 ni kilo 700. Hapo mzee atanyamaza, au angalau atatafuta kosa jingine.

Sasa twiga. Mwacheni. Sina ugomvi naye, ila ana makosa mawili kwenye kazi hii. La kwanza, mwili wake wote ni miguu na shingo, hana tumbo la maana la kuwekea kitu. La pili ni upepo. Mnaokaa Igombe hamhitaji kufundishwa tufani za usiku zinazotoka ziwani. Upepo wa mita 30 kwa sekunde unasukuma kila mita moja ya mraba kwa nguvu ya kilo 56 hivi. Kwa samaki wa mita 3 anayelala chini, ubavu wote unapokea kama kilo 130, na nguvu hiyo iko karibu na ardhi. Kwa twiga, kichwa na shingo viko mita 5 juu, shingo inakuwa mtaimbo unaong'oa miguu yake mwenyewe. Mtamkuta asubuhi amelala juu ya mitumbwi ya watu.

Mtengenezeeni sangara. Najua mtasema sanamu ya samaki tunayo tayari pale kiplefti mjini. Ni kweli, lakini yule ni wa kutazama, na huyu wenu ni wa kulisha. Tena sangara ndiye mlaji wa ziwa hili. Aliletwa humu miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, akatulia kidogo, halafu miaka ya 1980 akalipuka, akala furu, wale samaki wadogo wa asili ya ziwa hili, hadi aina nyingi zikapotea, na furu wakipungua anakula hata watoto wake. Mdomo wake ni mpana kuliko mdomo wa samaki mwingine yeyote mnayemjua. Mkimpanua taya hakuna atakayeuliza kopo linaingilia wapi.

Na kuna sababu nyingine, ambayo ningeiandika kwenye bao mbele yake kwa herufi kubwa. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti wa samaki walionunuliwa hapahapa Mwanza sokoni: sangara 20 na sato 20. Matumbo yalipasuliwa na vilivyotiliwa shaka vikapimwa maabara. Plastiki ilithibitishwa kwa samaki mmoja kati ya kila watano, kwa sangara na kwa sato vilevile. Vilikuwa vipande vidogo vidogo: vingine vya jamii ya mifuko na madumu, vingine nyuzi za nguo. Kwa hiyo mkimweka sangara mwenye tumbo la wavu lililojaa makopo, hamjabuni hadithi. Mmekuza tu kilichomo ndani ya kitoweo mpaka kionekane bila darubini.

Kuhusu kuyeyusha: msiyeyushe. Naomba hili mlisome mara mbili. Plastiki si kitu kimoja. Chupa ya maji inayeyuka kwenye nyuzi 250 hivi, dumu la mafuta linayeyuka kwenye 130, ndoo nyingi kwenye 160. Mkizichanganya kwenye sufuria juu ya kuni, chupa haijayeyuka, vifuniko vimeshaanza kutoa moshi. Kipande cha bomba jeupe la maji kikiingia humo kwa bahati mbaya kinatoa gesi yenye asidi inayokwaruza mapafu. Na chupa ya maji iliyoyeyushwa ikiwa na unyevu, ikipoa inavunjika kama biskuti. Wale wasanii Waitalia wa kundi la Cracking Art, walioanza mwaka 1993 na kupeleka kasa wa dhahabu Venice mwaka 2001, wanyama wao laini wa rangi moja wanatoka kwenye kalibu za kiwandani. Jina lenyewe wamelichukua kwenye kazi ya kupasua mafuta ghafi, ambayo ndiyo inayozaa plastiki. Konokono wao anapendeza, lakini hakutoka kwenye sufuria ya uani.

Mkihitaji kukunja, tumieni birika la chai. Chupa ya maji inalainika hata kabla maji hayajachemka. Ikate vipande virefu, ishike kwa koleo, mwagia maji ya moto, itajikunja na kusinyaa mbele ya macho yako. Kwa njia hiyo mtapata matamvua na ncha za mapezi, tena bila moshi. Msichana mwenye subira anafanya kazi hii vizuri kuliko fundi mwenye nguvu, nimeona mara nyingi.

Mafundi ninaowaheshimu wengi wao hawayeyushi. Msanii Bordalo II wa Lisbon, Ureno, anachukua bampa za magari, mapipa ya taka na mabomba, anayakata na kuyafunga kwa skrubu mpaka yanakuwa mnyama ukutani. Kundi la Washed Ashore la Oregon, Marekani, linashona kwa waya vitu vilivyotupwa na bahari tangu 2010. Jirani zetu wa Ocean Sole, Nairobi, wanagundisha ndala kuukuu zikawa bonge, kisha wanachonga kama wanachonga mti. Hizo ndala ziwekeni akilini, nitazirudia.

Nitawaambia kosa langu, ili msilirudie. Mnyama wangu wa kwanza wa makopo alikuwa kiboko, kwenye uwanja wa shule moja hapa mjini, karibu na mto Mirongo. Nilifunga chupa kwa wavu wa kuku, nyingine nimezikata shingo na mdomo ukiangalia juu, kwa sababu zilipendeza zikimeta. Masikio niliyakata kwenye viroba vya unga, na mgongo nikaupaka rangi ya mafuta. Siku ya kuzindua nilipigiwa makofi. Masika yalipokuja, kila chupa iliyokatwa ikawa kikombe cha maji, na kila kikombe kikawa na viluwiluwi vya mbu. Mbu wa darasa zima walitoka kwenye kiboko wangu. Masika ya pili wavu wa kuku ukaoza kutu, chupa zikaanza kudondoka. Lakini kilichoniuma ni viroba na rangi. Kiroba kikikaa juani mnajua kinavyofanya, kinakatikakatika kama majani makavu. Wauza mkaa wanalijua hilo kuliko maprofesa. Nilikuta nyuzi nyeupe kwenye mfereji, na magamba ya rangi yangu ya kijivu, vyote vinaelekea Mirongo, na Mirongo unaelekea ziwani. Nilikuwa nimejenga kiwanda cha kulisha sangara plastiki.

Basi masharti yangu yote yanatoka kwa kiboko yule.

Hakuna rangi juu ya plastiki. Haishiki, inabanduka. Tumieni rangi ya kitu chenyewe: kijani cha chupa za soda, njano ya madumu, buluu ya vifuniko. Chuma ndicho kipakwe rangi ya kuzuia kutu, mipako miwili, kabla ya kuweka kitu chochote. Hakuna kiroba, hakuna mfuko laini, hakuna kamba ya manila iliyochakaa. Jua la hapa kwetu, nyuzi mbili na nusu tu kusini ya ikweta na zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, halina huruma na vitu vyembamba. Waya uwe wa mabati. Kila chupa ya mapambo itobolewe kitako kwa msumari wa moto ili maji yatoke. Na chupa za soda zioshwe, la sivyo nyuki watahamia kabla ya mgeni rasmi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo vikundi vingi havilifikirii. Makopo yana wenyewe. Kuna akina mama na vijana wanaoyaokota kila siku na kuyauza kwa kilo. Mkiyafunga yote kwa waya kwenye sanamu mmewachukulia riziki mkaita mazingira. Kwa hiyo tenganisheni vitu viwili. Kitu chenye mnunuzi, yaani chupa, ukiacha zile chache za mapambo, kipite tumboni tu na kutoka. Kitu kisicho na mnunuzi ndicho kibaki mwilini mwa samaki siku zote. Na kwenye mwalo wowote wa ziwa hili mnajua ni nini kisicho na mnunuzi: ndala.

Ndala ya mguu mmoja, iliyokatika kamba, iko kila mahali. Wavuvi huikata ikawa boya, zinazobaki zinazagaa. Ikateni umbo la gamba, kama nusu duara, toboeni matundu mawili, fungeni kwa waya kwenye nondo, gamba la juu likilalia la chini kama bati la paa. Ni nene, haivunjiki upesi, rangi imo ndani yake. Ndala chakavu ndiyo iliyolifanya jahazi la Flipflopi livutie macho: lile la plastiki tupu lililozinduliwa Lamu mwaka 2018, maunzi yake tani kama 10 za taka, na ngozi yake ndala 30,000 za rangi zote. Mwaka 2021 lilikuja hadi ziwa letu, likang'oa nanga Kisumu. Kama ndala zimevika jahazi zima, kwa magamba ya sangara hazishindwi.

Mtafunika mgongo na kichwa tu. Ubavu uachwe wazi, wavu peke yake, tumbo lionekane.

Kuhusu wavu huo, chagueni wenye matundu ya sentimita 2 na nusu. Sababu ni kifuniko cha chupa, ambacho kina sentimita 3. Tundu likiwa kubwa zaidi vifuniko vitamwagika chini, mvua itavisukuma, na mnajua vinakoishia, maana vinaelea. Chupa ya maji ikijaa maji inazama, lakini kifuniko na dumu havizami, vitasafiri hadi kisiwa cha watu wengine. Mdomo wa chini wa samaki uwe na kimo cha sentimita 90 ili mtoto wa darasa la kwanza afikie.

Nyavu za uvuvi zilizochakaa zitawajaribu, kwa sababu zinakaa vizuri kama mapezi. Kuweni waangalifu. Nyavu za timba (za uzi mmoja wa plastiki) na makokoro (nyavu za kukokota) ni haramu, na kukutwa nazo ni kesi hata kama unasema ni sanaa. Ongeeni na afisa uvuvi kwanza. Na hata wavu halali, ukiulegeza, ndege watanasa. Ukazeni kama ngoma au muuache.

Ruhusa nitapita haraka. Serikali ya mtaa, BMU, kisha manispaa ya Ilemela. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa dhidi ya shughuli zinazoweza kuudhuru, kwa hiyo msimwage zege mchangani kwa kuwa tu ni pazuri kwa picha. Mkitaka kando ya barabara, ulizeni kwanza barabara ni ya TARURA (wakala wa barabara za mijini na vijijini) au ya TANROADS (wakala wa barabara kuu na za mikoa). Na kwa kweli mahali pazuri si ufukweni penyewe. Ni pale watu wanapomalizia maji: kituo cha daladala, mlango wa soko, njia ya kutoka mwaloni. Samaki akae kati ya mtu na ziwa, alikamate kopo lake kabla halijafika majini.

Msingi: zege la mita 2 kwa 1, kina cha sentimita 40, linakaribia tani 2, na kwa samaki wa vipimo nilivyotaja linatosha na kubaki. Hata hivyo mwombeni fundi sanifu wa manispaa atie jicho, hasa kama udongo ni wa mchanga. Miguu miwili ya bomba nene, msitumie nondo peke yake. Fundi wa kuchomelea achomelee mbavu kabla ya wavu, na akishamaliza apige grenda kila ncha, kwa sababu watoto watapanda. Mtawakataza na watapanda.

Umri wake? Chuma kikitunzwa kitawazidi ninyi uvumilivu. Ndala zikagueni kila baada ya masika na vuli. Gamba linaloanza kupukutika ukilisugua kwa kidole litolewe siku hiyohiyo. Ndiyo maana nasisitiza waya na skrubu, gundi hapana: mnachokifunga mnaweza kukifungua. Na kama kikundi kikisambaa, maana vijana huoa, huolewa, huhamia Dar, andikeni leo kwenye daftari nani atamfungua samaki na lini. Sanamu ya plastiki iliyokosa mwenyewe ndiyo takataka aliyoisema mzee.

Wekeni pia ubao wa chaki mguuni. Wiki hii kilo ngapi, mwezi huu kilo ngapi. Mwokota makopo mmoja wa eneo hilo apewe ufunguo wa mlango wa mkiani na sehemu yake ya mauzo; atamchunga samaki kuliko mlinzi wa mshahara. Mlango huo uwe mpana, mtu aweze kuingiza mkono hadi begani na kuvuta, na bawaba ziwe juu, kufuli chini, ili ukifungua mzigo ushuke wenyewe kwenye gunia. Kiboko wangu hakuwa na mlango. Nilimkata kwa msumeno.

Jambo la mwisho ni korongo. Wale wakubwa wenye vipara, wanaoshinda kwenye soko la samaki la Mwaloni Kirumba wakingojea matumbo ya samaki, watamwona sangara wenu na watatua mgongoni. Watamchafua meupe pee. Msiweke miiba, osheni kwa ndoo. Na wale wenzenu wanaolilia mnyama mrefu, waambieni wasubiri mwakani: atengenezwe korongo huyohuyo, mita 2 na nusu, shingo ya ndala za pinki, mfuko wa kooni ukiwa kapu la vifuniko.